Vipimo vya Mlima Vitafika Kwetu Pia

Kibokoni,
Mombasa.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mwanakuu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia kwa heshima. Goti lajionaje? Na joto la huko Maskati? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na leo nakuandikia moyo umetulia.

Ule mkutano niliokuwa katibu wake umekwisha salama. Wataalamu kutoka nchi saba zenye milima mirefu walikutana Tononoka siku tatu, kupanga jinsi ya kuchunguza hali ya hewa ya milimani kwa pamoja.

Siku ya pili nusura uvunjike. Rasimu ya mapatano ilisema vipimo vyote viende kwanza kituo cha ng'ambo, nasi tuvipate baada ya miezi mitatu. Wenzetu wa Uganda na Nepali wakaanza kukusanya makaratasi yao. Shangazi! Kazi ya miaka miwili naiona yatoka mlangoni.

Kakangu Mzamil alikuwa amealikwa kueleza tu namna anavyotunza mitambo ya kupimia hewa kule Mlima Kenya. Wajua mwaka jana yeye na mwenzake Fondo walivyokwama kwenye theluji siku mbili, hata Fondo akakatwa vidole viwili vya mguu vilivyoganda kwa baridi. Nyumbani hapendi kuizungumza habari hiyo. Siku ile akaomba ruhusa, akasimama.

"Mitambo niliyoifunga kwa mikono yangu iliiona dhoruba ile nusu siku kabla haijatufika," alisema. "Habari zake zilikwenda ng'ambo. Sisi tuliokuwa mlimani hatukuambiwa."

Profesa mmoja mgeni, mama wa makamo, akamwuliza wangehitaji muda gani kushuka hadi kambini.

"Saa tatu."

Yule mama akachukua kalamu, akakifuta kile kifungu cha miezi mitatu kwenye nakala yake, akawageukia wenzake. Walibishana mpaka adhuhuri, lakini kwa upole. Sasa vipimo vitafika kila nchi saa ile ile vinapochukuliwa, na wapandaji watapewa simu za kupokea maonyo. Jana nchi zote saba zilitia sahihi. Nilikwenda msalani nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kupiga picha na wageni.

Mzamil atarudi mlimani mwezi wa Agosti. Niliogopa kumwambia mama, nikamwambia hivyo hivyo. Asubuhi hii nimemkuta kwenye sakafu ya paa, ameanika juani lile koti zito la Mzamil alilolifungia mama mwenyewe kabatini tangu ajali, akiipiga brashi kola yake.

Nisalimie Ami Abdulhalim na Ummukulthum na wanawe. Mama na Mzamil wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akupe afya, atukutanishe tungali wazima.

Mimi mwanao nikupendaye,
Ruweida