Pampu ya Shimo la Juu

Papa Kasongo,

Walizima pampu wiki ileile tuliyokuzika. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi, na tayari Patron alikuwa ameita mafundi waje kufungua boliti. Nilikuwa dirishani, kwenye biro yetu, ofisi ya gharama, nikaona lori linapita na pampu mgongoni, imefunikwa turubai kama mgonjwa. Nikageuka ili nikuambie. Kiti chako kilikuwa kitupu. Mpaka leo hakuna anayekikalia, hata anayefagia anakizunguka.

Unakumbuka Patron alivyofika, baada ya mzungu kuondoka na serikali kumkabidhi yeye machimbo. Alivaa suti mpya ya abakosi, viatu vikawa vyeupe kwa vumbi la chokaa kabla hajafika mlangoni. Alitaka kujua kitu kimoja tu: wapi tunapata na wapi tunapoteza. Ukamwekea karatasi mezani. Shimo la chini lilitoa mawe mengi, yakaenda kwenye viwanda vya kampuni kubwa ya serikali. Shimo la juu lilikuwa limechoka. Mawe yalikuwa machache, na umeme wa pampu ulimeza yote yaliyotoka. Patron akafurahi. Akasema tufunge la juu, tuokoe umeme.

Ukamkatalia mbele ya watu.

"Patron, ile pampu inasimama kule juu, lakini kazi yake iko huku chini. Gharama yake ni ya mashimo yote mbili. Ukiipima kwa shimo moja, utafunga kitu chenye kinatulinda."

Ukamchorea. Hapa shimo la juu, hapa la chini, katikati ukuta wa mwamba. Maji yakijaa juu, ukuta utayabeba peke yake. Patron akasema mtaongea akirudi safari. Aliporudi, homa ilikuwa imeshakuchukua, na mimi, binti uliyemfundisha kazi, sikuitwa kwenye mkutano wowote.

Sasa nikuambie yaliyofuata. Kuna mengine nayaandika polepole, kwa sababu hata mimi sijui niyaweke upande gani.

Maji yalipanda shimo la juu bila kelele. Yalikuwa ya kijani, yametulia, na juu yake hapakukaa ndege. Mlinzi alihamisha kibanda chake mbali, akasema maji yale hayaonyeshi sura ya mtu akiinama. Nilikwenda kuinama. Niliona mawingu tu, Papa. Nikaondoka haraka.

Halafu tukaanza kuisikia pampu.

Mama Mwadi, mke wako, alikuwa wa kwanza. Alikuwa anapika bukari, ugali wetu, saa za mchana, kifuniko cha sufuria kikaanza kutetemeka: ndu, ndu, ndu. Akatoka nje. Majirani walikuwa tayari wamesimama kwenye njia, kila mtu anamtazama mwenzake. Ni ule mdundo tuliouzoea miaka yote, ule uliotufanya tusahau kwamba unadunda. Lakini pampu ilikuwa haipo. Patron alikuwa ameipeleka kwenye shamba lake kando ya mto Lufira, kumwagilia kabichi.

Mama Mwadi hakulia. Aliniambia, "Ngoie, bwana yangu iko kazini. Hajajua kama alikufa."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake.

Nikarudi kwenye karatasi zangu, kwa sababu ndiko ulikoniacha. Ulinizoeza nisikuletee jumla peke yake. "Ni kitu gani kilibadilika?" uliniuliza kila mwisho wa mwezi, na nilikuchukia kidogo, samahani. Sasa nikajiuliza mwenyewe. Shimo la chini lilitoa mawe yaleyale, kwa watu walewale. Lakini pampu yake ndogo, ile ya mazuti, yaani dizeli, ilikuwa inakunywa zaidi ya mwezi uliopita, na mwezi uliopita zaidi ya ule wa kabla yake. Baruti pia. Wachimbaji walikuwa wanaomba ile ya bei kali, inayowekwa kwenye matundu yenye maji. Nikatazama nje. Ilikuwa kiangazi. Miti yote ilikuwa myeupe kwa vumbi, hakuna tone lililoanguka.

Sasa maji hayo yalitoka wapi?

Nilihisi kama kuna mtu ananipumulia shingoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikaa bila kugeuka, Papa, kwa sababu niliogopa kukuona, na niliogopa zaidi nisikuone.

Unajua mume wangu Ilunga anatoboa mwamba kule chini. Jioni nilimwuliza kama ukuta una maji. Akasema unatoa jasho. Akacheka. "Hata mwamba unachoka na Patron," akasema. Mimi sikucheka. Niliona viatu vyake mlangoni, matope ya kijani yamekauka juu yake.

Asubuhi nikaingia kwa Patron bila kuitwa. Nikamwekea karatasi mbili, ya umeme aliouokoa juu, na ya mazuti na baruti anayopoteza chini. Alisoma. Si mjinga yule mtu, tulikosea kumwona hivyo. Aliona kwamba akiba yake ilikuwa inamtoroka kwa mlango mwingine. Lakini kuona ni kitu kimoja, na kukubali ni kingine.

"Mama Ngoie," akasema, "unataka nirudishe pampu sababu ya mutu mwenye alikufa? Watu ya cité, mtaa yote ya wafanyakazi, banasema anatembea."

"Hapana, Patron. Sababu ya mazuti. Twende tuangalie ukuta."

Akaja, labda ili anyamazishe watu. Tulisimama pale ukutani, yeye, mimi na mlinzi, jua likiwa kichwani. Chini yetu watu walikuwa wanatoboa. Nilimtambua Ilunga kwa kofia yake. Halafu mashine zikanyamaza, wanakwenda kula. Na katika ukimya ule tukaisikia. Ndu. Ndu. Ndu. Ilitoka ndani ya mwamba, chini ya nyayo zetu. Patron aliinama akaweka kiganja juu ya bomba la zamani, lililokatwa, lisiloungana na kitu. Akakiondoa haraka.

"Iko na joto," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pampu iko wapi?"

"Kwa shamba lako, Patron."

Alipiga kelele kuelekea chini, watu watoke, wote, waache mashine. Wanaume walishangaa. Walipanda huku wameshika sahani zao. Ilunga alikuwa wa mwisho kwa sababu alirudi kuchukua koti lake, na hilo sijamsamehe.

Ukuta ulifunguka alasiri hiyo. Haukulipuka. Ulilegea tu, kama mtu anayekaa chini baada ya kusimama sana, na maji ya kijani yakashuka juu ya mashine, juu ya reli, juu ya vyungu vya akina mama waliouza chakula kule. Hakuna aliyekufa. Tulihesabiana kwa majina, tukarudia tena. Tangu saa ile mdundo umekoma. Mama Mwadi anasema sasa umejua. Alivaa nguo nyeusi siku hiyo, ile ya mazishi, kana kwamba tumekuzika mara ya pili, nami nikakaa naye chini kwenye mkeka na hapo ndipo alipolia.

Mashimo yote mawili sasa ni ziwa moja. Tumeanza kuchimba kwingine, upande wa Kamatanda, na Patron amenipa meza ya hesabu zote. Wengi walipoteza kazi. Nakutana nao sokoni, wananisalimu vizuri, na salamu zao zinaniuma.

Ilunga amepata kazi ya kuendesha lori. Mtoto tunayemngojea, kama ni mvulana, Mama Mwadi ameshamchagulia jina lako, wala hakutuuliza.

Jambo moja limebaki. Patron anataka kufunga disipanseri, zahanati yetu. Anasema muuguzi na dawa havizai hata jiwe moja. Nimekaa nalo wiki nzima. Nimekusanya siku ambazo watu hawakuja kazini kabla disipanseri haijafunguliwa, na siku za sasa. Nimeangalia tanuri la chokaa lililala baridi mara ngapi kwa sababu mchomaji ana malaria. Gharama ya muuguzi ni ya machimbo yote. Nitayasema hayo kesho asubuhi, mbele ya wote, na nakuahidi sitakaa chini mpaka wamesikia.

Kwaheri, Papa Kasongo. Pumzika kweli sasa. Na kesho, tafadhali, usinisindikize. Chumba cha mkutano ni kidogo, na nataka wasikie sauti ya Ngoie peke yake.

Binti yako wa kazi,
Ngoie