Tangi la Maji ya Mvua

Dada yangu,

Huku tu wazima, kikohozi cha mke wangu kimepoa na paa nimeliziba. Ila kazini nimesimamishwa, na usinipe pole. Miaka minane nilipima maji ya bomba ya mji huu, floridi inayoharibu meno ikizidi kiasi, nami nikaandika "salama" ili mkuu asinune. Jana kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisema, "Darasa zima lina meno ya kahawia, isipokuwa watoto wa mpimaji."

Kweli, wanangu niliwanywesha maji ya mvua. Lakini tangi ni dogo, dada. Binti yako uliyeniachia akiwa mchanga alikunywa ya bomba.

Leo asubuhi, kiganja mdomoni, aliniuliza, "Mjomba, mbona humu nyumbani mimi tu?"

Jibu nimekuandikia wewe.

Mdogo wako