Komeo la Mlango wa Nyuma

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako uliyotuma kwa simu imenifika, marahaba sana. Hujambo? Na hiyo miguu inayovimba kwa kukaa ofisini kutwa, inaendeleaje? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza jeuri. Ananiandikia Bibi Pacha wa mlango wa pili kama kawaida, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Anakusalimu, na ananikumbusha niseme taratibu, mkono wake si cherehani.

Nakuandikia kuhusu kazi yako jeshini, ya kupanga magari mapya ya deraya yachukue nafasi ya yale makuukuu. Ulipokuja juzi ulituambia, tena kwa furaha, kwamba kikosi cha babu yako umekiweka mwisho kabisa. Wengine wapewe mapya kwanza, wao wasubiri miaka kadhaa, kwa kuwa mafundi wao bado wanafuata mkono wa babu yako na magari yao bado yanawaka. Ukasema ni heshima kwa marehemu. Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza, unajua mwenyewe, ni dalili ya ugonjwa.

Usinielewe vibaya, magari yale hata mimi niliyapenda. Tulipokaa kota za kambini, nikisikia ngurumo kutoka getini nilikuwa nainjika maji ya kuoga. Majirani walinitania kuwa nina waume wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma. Mama yako alijifunza kusimama kwa kushika gurudumu lililolazwa nje ya karakana, viganja vikawa vyeusi kama masizi. Babu yako alirudi ananuka dizeli hadi kwenye nyusi. Namsugua mgongo, naye ananisimulia kuwa spea zimekwisha, kwa hiyo wamechinja gari moja bovu wakalisha mengine. Alisimulia kwa raha, utadhani kaoa upya. Mpaka leo lori kubwa likipita barabarani, mkono wangu unatafuta sufuria.

Sasa sikiliza. Mnajua kwamba mume wa Bibi Pacha alifariki kwenye mazoezi, gari lao lilipozama mtoni. Hilo tuliwaambia. Hatukuwaambia kwa nini hakutoka. Wenzake walitokea juu, yeye alikuwa amekaa nyuma kabisa, akaukimbilia mlango wa nyuma. Komeo la mlango ule lilitoka kwenye gari lililochinjwa. Babu yako ndiye aliyelipiga tupa mpaka likaingia. Karakanani lilifunguka vizuri. Mtoni likakwama.

Hapa Bibi Pacha ameweka kalamu chini. Nikamwambia basi, tuache. Akaniambia, "Wewe sema, nitaandika. Mimi ndiye niliyefiwa."

Babu yako alimwendea mwenyewe, akapiga magoti mlangoni pake, akamweleza yote. Bibi Pacha akamwambia ainuke, watu wanatazama, akamwingiza ndani akampa chai. Akamsamehe. Ila babu yako hakujisamehe. Aliacha jeshi akasingizia mgongo. Mgongo gani? Alibeba magunia ya mkaa mpaka uzeeni. Alituomba sisi wawili tusiwaambie watoto, maana nyote mlikuwa mnajivunia magari yake. Tukakubali, na tungekaa kimya mpaka kaburini kama si huo mpango wako.

Mwaka aliofariki aliniambia, "Kila mwaka tuliomba mapya, na kila mwaka wakubwa waliuliza kama haya yanawaka. Nami nikahakikisha yanawaka."

Kwa hiyo, mke mwenzangu, kabla hujaupeleka mpango wako kwa wakubwa, kile kikosi kitoe mwisho ukiweke mwanzo. Wakikuuliza kwa nini, na magari yao ndiyo yanayowaka kuliko yote, waambie kwamba ndiyo sababu yenyewe. Wakicheka, waache wacheke. Ukihitaji mtu wa kuwaeleza kwa ukali, nitumie nauli.

Msalimie mumeo, mwambie tumbo lile limetosha sasa. Wabusu watoto. Kula vizuri, na hiyo miguu uinyooshe juu ya kiti hata kama bosi anaangalia.

Ni mimi,
Bibi yako, mke mkubwa

Mjukuu wangu, nimeandika kila alichosema, sikupunguza neno. Ni kweli yote. Waweke mbele.
Bibi Pacha