Kaburi Moja, Watu Wawili

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Tata mkwe wangu. Je, goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Mimi ni mzima wa mwili.

Barua uliyompa dereva wa lori imenifika. Unasema mvua ikikatika utatoka Manono kuja kumwekea Agnès msalaba wa simenti, kwa kuwa hukuwahi maziko ya binti yako, mke wangu. Naandika kukujibu hilo, Mama, na jibu ni gumu.

Unajua mtaa wetu ulikuwa umeamriwa kuondoka. Mgodi unapanuka, nyumba zinabomolewa, na makaburi nayo yalipaswa kuhamishwa. Ofisi inayosimamia uhamisho ilinichukua niandike programu ya kompyuta ya kuhifadhi habari za kila kaburi. Niliiandika kwa PHP, lugha ya kompyuta niliyojifunza kwenye siber, duka la intaneti, wakati Agnès akiuza machungwa mlangoni. Alimenya chungwa ganda lisikatike, kisha ganda lile refu akanivisha shingoni mbele ya watu.

Ndani ya programu kuna sehemu tunayoiita depo. Ni kama depo ya unga: mteja haingii kujichotea, anasimama mlangoni na mtunza depo anamletea gunia lililofungwa. Depo inayokuja tayari pamoja na vifaa vya kazi huweka kila kitu kwenye rafu yake, msalaba kando, marehemu kando, shahidi wa familia kando, na kila kimoja chaweza kuchukuliwa peke yake. Kwa makaburi sikuitaka hiyo. Nikaandika depo yetu wenyewe. Kaburi na vyote vilivyomo ni fungu moja: linaingia zima, linatoka zima, na kipande kimoja kikikosekana hakuna kinachohifadhiwa.

Mkubwa wetu wa ofisi, Tata Kasongo, tunayemwita Chef, mtu mpole ambaye mfuko wake haukosi karanga, alitatizwa na kaburi la Agnès, aliyezikwa pamoja na kichanga chetu.

“Kaburi moja, mufu moja,” alisema. “Huyu mutoto hana na jina. Tutamupatia nimero yake, atahama na bale batoto bengine.”

“Chef, balimuzika mu mikono ya mama yake.”

Mamie, anayepokea familia pale ofisini, akacheka, akiniita baba wa kompyuta. “We Tata Ordinateur! Hata mu mashini unabeba mutoto mu mugongo?”

Tulicheka wote, hata mimi. Chef akamtafuta mtoto peke yake kwenye kompyuta. Depo ikamletea Agnès na mtoto pamoja. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

“Depo yako iko na kichwa nguvu,” alisema. “Basi. Bende pamoja.”

Siku ile nililala vizuri.

Kisha wachimbaji waliofukuzwa kwenye mgodi wa Mutoshi wakaja mtaani kwetu. Walichimba ndani ya vyumba walivyopanga, chini ya vitanda, na mashimo yao yakafika chini ya makaburi. Sisemi ubaya juu yao. Wengine wamefukiwa humo humo na hakuna aliyewatoa. Mvua kubwa iliponyesha, upande wa chini wa makaburi uliporomoka wote. Upande ule ndio wa Agnès. Asubuhi ile ile askari walitutoa majumbani. Nilitoka na sufuria, kompyuta na kitenge kimoja cha Agnès. Pale makaburini pamezungushiwa bati, na mashine za mgodi zimekwisha kupita juu yake.

Huko kwenye makaburi mapya wamesimamisha safu za misalaba, hata kwa wale ambao hawakutolewa. Ofisi inataka makaburi yote yaandikwe kuwa yamehamishwa. Lakini katika depo nilikuwa nimeweka sharti: neno hilo halipokelewi mpaka shahidi wa familia aseme ameona kwa macho yake. Shahidi wa Agnès ni mimi.

Tata Kasongo alikuja mwenyewe, akakataa kiti.

“Sema tu uliona, mwana. Bakubwa banangoja.”

“Chef, sikuone.”

“Hata mi sikuone kitu. Lakini ukikataa, bataleta mwengine wa kufungua ile depo, na wewe utatoka.”

“Acha nitoke.”

Hakukasirika. Alinimiminia karanga mkononi, akaenda zake.

Kesho narudisha ufunguo wa ofisi. Atakayekuja ataondoa sharti lile. Ni mistari michache, atamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kisha mashine itasema wamehamishwa, na huko Manono mtaletewa karatasi yenye namba ya safu na namba ya msalaba. Usiiamini, Mama. Usipande lori. Ukija watakupeleka kwenye msalaba wenye jina la mwanao, utapiga magoti, utalia, na chini yake hakuna mtu. Nami sina mahali popote hapa Kolwezi pa kukushika mkono nikakuambia: wako hapa.

Unisalimie Tata mkwe wangu, mdogo wake Agnès anayesomea uuguzi, shangazi aliyemsuka siku ya ndoa, na katekista aliyetufundisha. Waambie wewe, polepole, kama utakavyoona. Mimi nimeshindwa kupata maneno mengine.

Mkwe wako anayekuheshimu,
Dieudonné