Kisauni ya Huku

Kikwajuni, Unguja

Mdogo wangu mpenzi Nassra,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na watoto, na lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi mwili hauna shida, namshukuru Mungu. Wifi yako Badria anakusalimu sana na anauliza kama zile kanga zilikufika.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza hali, ningekujibu mzima, nawe ungeisikia sauti yangu ikitafuta maneno. Kwenye karatasi naweza kulingoja neno mpaka lije. Jirani yetu Bwana Wakil anakuja huko Mombasa kumtazama bintiye, nimemwomba akupe mkononi.

Sijapata kukusimulia vizuri habari za baiskeli yangu. Nilipokuja Unguja kwa kazi ya kutengeneza viyoyozi sikujua hata njia ya sokoni. Nikanunua baiskeli ya Kijapani iliyotumika, nyekundu, na kila nilipotoka kazini nikawa naingia Mji Mkongwe kupotea makusudi. Kuna vichochoro ambavyo usukani unakaribia kukwaruza kuta za pande zote mbili. Unaingia Mkunazini ukiwa na uhakika kwamba mbele yako ni bahari, unatokea Darajani kwenye makelele ya soko. Hata Badria nilimpata hivyo. Nilimuuliza njia ya Shangani, akacheka, akaniambia Shangani nimeipa mgongo muda mrefu. Mgeni asiye na jamaa mjini hupata furaha kubwa siku anapojua kona moja zaidi ya jana.

Tangu mwaka jana nikaanza kupotea bila kukusudia. Sikushtuka. Pale Sokomuhogo kuna muuza kahawa anaitwa Borafya, tumezoeana. Siku moja akanishikia usukani wa baiskeli akaniambia, "Fundi, unazunguka hapa tangu asubuhi. Unamtafuta nani?" Nikamjibu natafuta upepo. Watu wa barazani wakacheka, wakasema hata wao waliozaliwa hapo hupotea. Nami nikacheka nao. Mji ule ulinisitiri, Nassra. Mtu akipotea mahali ambapo kila mtu hupotea, nani atamtilia shaka? Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta njia ya kwenda nyumbani, na kutoka hapo mpaka Kikwajuni ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja.

Baadaye, nikiwa juu ya ngazi katika hoteli moja, nikajikuta nimeshika geji ya kupimia gesi na sijui ni kitu gani. Miaka yote hii, na chombo kile kikawa mkononi mwangu kama kitu kilichookotwa ufukweni. Nikabaki juu, nikajifanya nachunguza mabomba, jasho likinitiririka, mpaka akili ikarudi. Sikumwambia mtu.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita. Nilikuwa natoka Fumba, kwenye nyumba mpya walikoniita kazi. Barabara ile ni moja tu, imenyooka, nimeipita sijui mara ngapi. Alasiri, nilipokaribia uwanja wa ndege, nikahisi kama mtu amezima taa kichwani. Barabara niliiona, magari niliyaona, lakini sikujua natoka wapi wala nakwenda wapi. Nikamsogelea mama mmoja anayeuza mbatata chini ya kibanda cha bati, nikamuuliza hapa ni wapi. Akanijibu, "Hapa Kisauni, baba."

Huku nako kuna Kisauni, Nassra, kama kwetu Mombasa. Mimi sikujua hilo wakati ule. Niliposikia jina nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikajua nimefika kwetu. Nikamuuliza nyumba ya Mzee Haroub ni ipi, ile yenye mlango wa kijani, maana mama ananingoja.

Yule mama, Bi Biasha jina lake, alinitazama na mvi zangu hizi, akaniwekea kiti. Simu yangu ikalia. Akaniambia, "Pokea, baba, unapigiwa." Nikakitazama kioo. Kimeandikwa Badria. Nikamuuliza Bi Biasha, "Badria ni nani?"

Yeye ndiye aliyepokea. Badria akaja kwa bodaboda, na aliponigusa bega nikamjua, na yote yakarudi. Hapo ndipo hofu iliponiingia barabara, na tangu siku hiyo haijatoka. Sikuogopa nilipokuwa nimepotea. Nilikuwa na raha, nakwenda kwa marehemu mama. Hilo ndilo linalonitisha.

Tumekwenda hospitali. Daktari alinipa kalamu akaniambia nichore saa ya ukutani. Nilichora kwa makini, na nilipomaliza namba zote zilikuwa zimerundikana upande mmoja. Hakuwa na haja ya kunieleza. Mdogo wangu, ni ule ugonjwa wa Baba, wa kusahau.

Nilimwambia Badria yuko huru kurudi kwa ndugu zake, hakuolewa ili awe mlezi. Alikasirika. Akasema, "Mimi nshajua zamani. Unafikiri nnalala na mtu mwengine?" Halafu akaingia jikoni akalia, akidhani simsikii.

Siku hizi sitoki peke yangu. Jioni Badria hukaa nyuma ya baiskeli, baibui amelikusanya lisiingie kwenye spoku, nami naendesha. Tumekubaliana asiseme kitu, anigonge tu mgongoni nikikosea. Juzi pale Vuga alinigonga nikate kushoto. Nikakata. Lakini Nassra, nilikuwa na hakika ni kulia. Sikuwa na shaka hata chembe.

Wewe ndiye uliyemtunza Baba mpaka mwisho. Nataka kukuuliza jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza. Je, yeye alijua? Alipata kukwambia kwamba anaogopa? Usinifiche kwa kunihurumia. Nawe jipime, tafadhali, ile ni damu yetu sote.

Na uje. Usisubiri likizo ya watoto. Nataka nikupokee mwenyewe bandarini, nikuone ukishuka na mizigo yako, nikuite kwa jina.

Wabusu watoto wote. Msalimu Mwalimu Pandu na majirani wanaonikumbuka. Badria anasema chumba chako ameshakitandika.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Sabri Haroub