Kidole Changu Karibu na Shavu Lako

Wairimu, mtoto wa mtoto wangu,

Kumbe uko! Nimekuona leo mchana.

Mimi kalamu sikufundishwa, unajua. Anayeandika ni Atieno wa ofisini kwenu Kilimani, na nimemwambia akiyaremba maneno yangu nitamnyima chai.

Siku ya kukuzika tulibeba picha yako ya kitambulisho. Uso umenuna kama mtu aliyeshikwa na askari. Huyo hakuwa wewe! Zile picha zako za kamera mpya zilikataa kufunguka kwenye kompyuta, kila moja kijisanduku cha kijivu tu. Watu wakasema zimepotea. Nami nikaanza kuusahau uso wako. Nikifumba macho, nakutana na yule wa kitambulisho. Wairimu, niliogopa sana.

Ulinieleza kazi yako hapa nyumbani Mountain View, tukipukuchua mahindi. "Shosho, kamera hii inaleta picha mbichi, na maganda yake. Programu yetu ya kufungulia picha imezoea unga. Mimi naifunza kula mahindi." Nikakuambia, basi ifunze haraka, hata ng'ombe anajua. Ukacheka. Halafu ile homa... Aki, hata kazi hukumaliza.

Atieno ameimaliza. Leo amekuja na kompyuta, akaiweka mezani, na vile visanduku vikaanza kufunguka. Kuku wangu. Kamba ya nguo. Mimi Kenyatta Market, mdomo umejaa nyama, shenzi wewe! Lakini wewe, hakuna. Mpiga picha hajipigi. Nikainuka nikaweke chai.

Halafu ukatokea. Unacheka, pua imekunjana, lile jino lako limempanda mwenzake. Nikapiga yowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Ni ile niliyopiga mimi! "Bonyeza hapo tu, Shosho, haiumi." Nilibonyeza, nikadhani nimeiharibu kamera ya watu. Pembeni kimejaa kidole changu, kikubwa kama ndizi, karibu kabisa na shavu lako.

Atieno akasema, "Shosho, hicho kidole naweza kukitoa, hakitaonekana." Nikamwambia, jaribu uone.

Yule wa kitambulisho nimemshusha ukutani. Utapanda wewe, hivyo hivyo ulivyo. Pumzika sasa, mama. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayekigusa kidole hicho. Kikae hapo, kikushike shavu.

Shosho wako