Kopo Juu ya Kichuguu

Kolwezi

Ndugu yangu Gracien,

Habari ya kazi? Huku mvua imeanza, na mama anakohoa kidogo tu. Unga uliotuma kwa kilio cha Mechack ulifika. Nimeurudisha na dereva yule yule.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ninyi balinzi mulipiga risasi hewani kufukuza creuseurs, bachimbaji ba mukono balioingia mugodini bila ruhusa, na yako ikapotea njia, ikamupata mutoto wangu Mechack mugongoni. Mukono uliteleza, unasema.

Gracien, unaongea na nani? Ni mi yaya wako, dada yako mukubwa, niliyekuwa nakupangia makopo ya tomate juu ya kichuguu, nyuma ya nyumba, na we unayapiga kwa manati kila siku ukitoka masomo. Mwanzoni ulikuwa unapiga kuku za jirani! Ulirudia, ukarudia, mpaka mukono ukajua wenyewe, hata jua likiwa machoni. Na ulipopata kazi ya bunduki, kila siku ya samedi mulienda kupiga shabaha. Ulinitumia picha ya karatasi yako, matundu yote katikati, ukaandika: "Yaya, siku hizi siwezi kukosa hata nikitaka."

Labda hukumujua. Mugongo hauna jina. Lakini ulilenga, na usinidanganye mi.

Basi njoo nyumbani. Kichuguu kingali pale. Nitakuwekea kopo kwa mikono yangu, na we ulikose mbele yangu, mara moja tu. Hapo nitakuamini.

Mi yaya wako, mama ya Mechack,
Huguette